Kivuli cha Ami

Ukiingia Fort Jesus leo, au Ngomeni kama tunavyoita sisi, unalipa kiingilio, unapiga selfi kwenye ukuta wa matumbawe, kisha unatoka nje kunywa madafu. Ni rahisi kusahau kwamba kwa miaka 63, kutoka 1895 hadi 1958, pale palikuwa jela. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596 ili maadui wasiingie. Waingereza wakaitumia ili watu wasitoke.

Ule mwaka wa 1895 ulikuwa na mambo. Katikati yake Uingereza ilitangaza himaya yake juu ya nchi hii. Tarehe 8 Novemba, kule Würzburg, Ujerumani, mwalimu wa fizikia aitwaye Wilhelm Conrad Röntgen aligundua miale inayopenya vitu ambavyo mwanga wa kawaida hauvipenyi. Tarehe 14 Desemba ukatiwa sahihi mkataba na Sultani wa Zanzibar kuhusu ukanda wa pwani wa maili kumi, ambao watu wa Mombasa wanaubishania hadi leo barazani. Siku nane baadaye, tarehe 22, Röntgen aliuweka mkono wa mkewe, Anna Bertha, mbele ya miale yake, na ikatoka picha ya mifupa iliyovaa pete.

Röntgen hakujua kitu kuhusu Mombasa, na aliyekuwa akifunga minyororo Ngomeni hakujua kitu kuhusu Röntgen. Lakini mtu anayetaka kuelewa picha ya kifua imetoka wapi hadi ikafika mtaani kwetu, na kwa nini sasa inasomwa na kompyuta, anahitaji kuviweka vyote viwili mezani: chumba kilichojaa watu na kisicho na hewa, na mashine inayodai kuona ndani ya watu hao.

Tuanze na chumba. Kifua kikuu huenea kwa hewa. Mgonjwa akikohoa, akiimba au hata akizungumza, anatoa vitone vidogo visivyoonekana vyenye vidudu, navyo vinaelea saa kadhaa mahali ambapo hewa haitembei na jua halifiki. Jela ni mahali pazuri mno kwa kazi hiyo, na pia nyumba. Zile nyumba za Mji wa Kale zilijengwa kwa akili: kuta nene za kuzuia joto, vichochoro vyembamba vya kutia kivuli, madirisha ya juu ya kuita upepo wa bahari. Zilijengwa kwa familia moja, hata kama ilikuwa kubwa. Siku hizi nyumba ileile imegawanywa kwa mbao na mapazia, kila chumba na mpangaji wake, na vyumba vya ndani havina dirisha kabisa. Sisemi watu wasipange. Kodi ya Nyali tunaijua sote.

Kidudu chenyewe kilitambulishwa kwa ulimwengu na Robert Koch, Berlin, tarehe 24 Machi 1882. Mwaka huohuo ndipo ilipochapishwa London kamusi ya Kiswahili ya Ludwig Krapf, yule mmishonari aliyefika Mombasa 1844. Alikuwa amekwisha kufa, hakuiona. Napenda kuwaza kwamba maneno yetu na kidudu chetu vilitiwa kwenye karatasi za Wazungu mwaka mmoja, ingawa vyote viwili vilikuwepo zamani.

Nyumbani kwetu Kibokoni ugonjwa huu haukutajwa jina. Ulikuwa “kifua” tu, tena kwa sauti ya chini. Ami yangu, kakake baba, aliupata mwaka 1979, mimi sijazaliwa. Lakini kikombe chake nilikikuta. Kilikuwa cha bati, na mdomo wa buluu uliobanduka, na kilikaa rafu ya juu peke yake miaka mingi baada ya yeye kupona. Tuliambiwa tusikiguse. Nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba kikombe hakikuwa na kosa lolote, maana kifua kikuu hakiambukizi kwa vyombo. Lakini watu walikuwa wameona kwa macho yao kwamba ugonjwa huu unatembea ndani ya nyumba, kutoka kwa mtu hadi kwa mtu, na wakakamata kile walichoweza kukishika.

Sasa mashine. Eksirei iliingia Afrika mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1898, katika vita vya Waingereza huko Sudan, daktari wa jeshi, Meja John Battersby, alikuwa na mtambo wa eksirei jangwani. Umeme haukuwepo, kwa hiyo akafunga dainamo kwenye baiskeli na wanajeshi wakapiga pedeli ili risasi zionekane mwilini mwa majeruhi. Picha za kwanza zilikuwa za kutafuta risasi na mifupa iliyovunjika. Kifua kilikuja baadaye, kwa sababu mapafu ni kitu kigumu kupiga picha: ni hewa tupu, yanasogea kila ukipumua, na ugonjwa ndani yake ni doa la mawingu tu.

Madaktari wa kikoloni walikuwa na nadharia yao kuhusu mawingu hayo. Walisema Mwafrika ni “udongo bikira”, mwili ambao haujawahi kukutana na kifua kikuu, kwa hiyo ukikutana nacho unaangamia. Daktari S. Lyle Cummins aliandika kitabu kizima katika mkondo huo mwaka 1939. Nadharia ilikuwa na faida kwa serikali, maana ukiamini kwamba tatizo liko kwenye damu ya mtu, huulizi kuhusu mshahara wake, bweni analolazwa watu ishirini, wala jela. Na watu wa mwambao walikuwa kitendawili kwa nadharia hiyo. Mji uliokuwa ukipokea majahazi ya Bombay, Kachi na Maskati karne baada ya karne ungekuwaje bikira wa kitu chochote?

Mwaka 1936 daktari Mbrazili, Manoel de Abreu, alipata njia ya kupiga picha ndogo za kifua kwa bei rahisi, moja baada ya nyingine kama tiketi za basi. Hapo ndipo wazo la kupima watu wote, wagonjwa na wazima, lilipozaliwa. Magari ya eksirei yalianza kuzunguka miji ya Ulaya na Marekani, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia wazo hilo likaenea hata kwenye makoloni.

Lakini nani alikuwa anazisoma picha hizo? Hapa kuna kisa ninachokipenda kuliko vyote. Katika miaka ya 1940, Wamarekani waliokuwa wakitafuta mashine ipi ni bora waliwapa madaktari mabingwa picha zilezile wasome kila mmoja peke yake. Madaktari hawakukubaliana. Kwenye picha zenye dalili walipingana karibu mara moja kati ya tatu. Kibaya zaidi, daktari akirudishiwa picha aliyokwisha kuisoma, karibu mara moja kati ya tano alijipinga mwenyewe. Tofauti kati ya mashine na mashine ilikuwa ndogo kuliko tofauti kati ya jicho na jicho. Watu walikuwa wamekwenda kupima vyuma, wakajikuta wamejipima wenyewe.

Weka jambo hilo akilini, maana ndilo linaloeleza kwa nini leo tumefika kwenye kompyuta.

Kenya ilipata uhuru 1963, na kuanzia 1970 hospitali za Afrika Mashariki zilishiriki katika majaribio makubwa ya dawa pamoja na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza. Swali lilikuwa: je, matibabu ya mwaka mmoja na nusu yanaweza kufupishwa? Jibu lilichapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 1972. Ndiyo, miezi sita inatosha, mradi mchanganyiko una rifampisini au pirazinamidi. Matibabu ya miezi sita ambayo dunia nzima ilikuja kuyatumia yalithibitishwa kwa vifua vya watu wa hapa.

Na ami? Mwaka 1979, miaka saba baada ya jibu hilo, yeye alidungwa sindano za streptomaisini kila siku kwa wiki nyingi, halafu akameza vidonge vya aisonayazidi na thayasetazoni mpaka mwaka ukaisha na mwingine ukafika nusu. Rifampisini ilikuwa ghali. Nchi iliyosaidia kuipima ilisubiri hadi miaka ya 1990 ndipo matibabu mafupi yakawa ya kawaida. Ami mwenyewe halalamiki. Anasema sindano zile zilimwacha na mlio wa mdudu sikioni, na kwamba kila Ijumaa khatibu akishusha sauti yeye humsikia yule mdudu badala yake.

Huku nyuma, eksirei ilikuwa inashushwa cheo. Mwaka 1974 kamati ya wataalamu wa Shirika la Afya Duniani, WHO, ilisema kule kuzunguka na magari kupiga picha kila mtu kuachwe. Ni ghali, na wagonjwa wengi wanaoambukiza wenzao tayari wana kikohozi na wanakuja hospitali wenyewe. Tumia hadubini, pima makohozi, uliza watu swali moja: una kikohozi zaidi ya wiki mbili? Hiyo ndiyo Kenya niliyokulia mimi. Bango la kliniki, mchoro wa mtu anakohoa, swali la wiki mbili.

Kisha ikaja Ukimwi. Kesi za kifua kikuu zilizosajiliwa nchini zilipanda kutoka kama 11,000 mwaka 1990 hadi zaidi ya 100,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 2000. Mwili uliodhoofishwa na virusi mara nyingi hautoi vidudu vya kutosha kwenye makohozi, na hata picha ya kifua inaweza kuonekana karibu safi. Hadubini ikawa inasema “hamna kitu” huku mtu anakwisha.

Hadi 2015 hakuna aliyekuwa ameihesabu Kenya huru mlango kwa mlango. Mwaka huo na uliofuata ukafanyika utafiti wa kitaifa: watu wazima 63,050 kutoka pembe zote za nchi, wakiulizwa dalili na kupigwa picha ya kifua kwenye mahema. Walipatikana wagonjwa 305 waliothibitishwa kwa maabara, sawa na watu 558 kwa kila watu wazima 100,000. Wanaume walizidi wanawake, miji ilizidi mashamba, na rika lililoongoza ni la miaka 25 hadi 34. Si wazee wa barazani, ni sisi. Na karibu nusu ya waliokutwa na ugonjwa hawakuwa na kikohozi cha wiki mbili. Lile swali la bangoni lilikuwa linawapita. Kilichowakamata wengi wao ni ile picha iliyokuwa imeshushwa cheo mwaka 1974.

Basi eksirei ikarudi, lakini tatizo la jicho lilikuwa palepale. Madaktari wa kusoma picha nchini ni wachache, na wengi wamejazana Nairobi. Kuanzia 2015 serikali ilikodisha mitambo ya kisasa kwa ajili ya hospitali za kaunti zote 47, mradi uliokula mabilioni na baadaye kuchunguzwa na Seneti, maana kuna mitambo iliyokaa kwenye makasha bila umeme wala mtu wa kuitumia. Mashine bila msomaji ni samani.

Wazo la kuifundisha kompyuta kusoma kifua si la juzi. Gwilym Lodwick, daktari wa eksirei Marekani, alikuwa akigeuza picha za saratani ya mapafu kuwa tarakimu tangu 1963. Kilichobadilika ni nguvu ya kompyuta na wingi wa picha. Programu za leo hazipewi kanuni. Zinalishwa picha laki kadhaa ambazo tayari zimeandikwa “mzima” au “mgonjwa”, nazo zinajirekebisha kidogo kidogo hadi zijue kutenganisha, kama mtoto anavyojua sauti ya mamake bila kufundishwa alfabeti. Ukiipa picha mpya, ndani ya dakika moja inakupa alama, labda 0 hadi 100, na kupaka rangi mahali inapopashuku. Machi 2021 WHO ilikubali rasmi programu hizi zitumike badala ya msomaji binadamu katika kuchuja kifua kikuu, kwa watu wa miaka 15 kwenda juu. Zilizopimwa wakati huo zilikuwa tatu: moja ya Uholanzi, CAD4TB, moja ya Korea Kusini kutoka Lunit, na moja kutoka Mumbai, qXR ya kampuni ya Qure.ai.

Mumbai! Ule mji uliotuletea vitambaa na milango kwa pepo za kaskazi sasa unatuletea macho.

Neno la kushika ni “kuchuja”. Programu haisemi una kifua kikuu. Inasema picha yako si ya kawaida, nenda katoe makohozi. Kinachothibitisha ni maabara. Na mstari wa kuchuja, yaani alama ngapi ndiyo “nenda”, hauchorwi na kompyuta. Unachorwa na watu, mara nyingi na watu wenye bajeti. Ukiushusha, unakamata wagonjwa karibu wote lakini unajaza maabara watu wazima. Ukiupandisha, unaokoa pesa na kuwaacha baadhi waende nyumbani na ugonjwa wao. Mashine ina sifa ambayo wale mabingwa wa miaka ya 1940 hawakuwa nayo: picha ileile inapata alama ileile kila mara. Ila toleo jipya la programu likiingia, alama nazo zinahama, na mstari wa jana hauna maana tena. Msomaji wa zamani alijipinga kwa uchovu. Huyu anajipinga kwa sasisho.

Kambi ilipokuja mtaani kwetu nilikwenda kwa udaku tu. Gari haliingii vichochoroni, na ndio maana kwa miaka mingi huduma kama hizi ziliishia barabara kuu. Safari hii mtambo ulibebwa kwa mkono. Kuna eksirei za siku hizi zenye uzito wa kilo tatu na nusu, sawa na mtoto mchanga, umbo kama kamera kubwa ya harusi. Mionzi yake kwa picha moja ya kifua haizidi ile unayoipata kwa siku kama kumi za kuishi tu duniani. Wahudumu wa afya ya jamii walipita mlango kwa mlango tangu Alhamisi, na Jumamosi ukumbini kulikuwa na foleni: akina mama wa buibui, vijana wa mkokoteni, mabaharia wawili wastaafu wakibishana kuhusu Simba na Yanga.

Picha yangu, alama 4. Nikajiona bingwa. Kisha akaingia ami, ambaye nilimburuta mwenyewe. Alama 71.

Kijana wa mashine alikuwa na adabu. Alimwelekeza kando, akamwambia, “Mzee, si kusema una ugonjwa. Twataka makohozi kidogo tu, tuhakikishe.” Lakini foleni ilikuwa imeona anaelekezwa upande mwingine. Mji wa Kale hauna siri ya aina hiyo. Sheria ya kulinda data tunayo tangu 2019, ila haijafika kwenye macho ya foleni.

“Hiyo mashini,” ami akauliza, “yayuwaje kuwa nalikuwa na kifua mwaka wa sabini na tisa?”

Lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyosoma baadaye. Jibu ni kwamba haijui. Inaona kovu, na kovu la zamani linafanana na ugonjwa mpya. Ni udhaifu unaojulikana: kwa watu waliowahi kuugua, na kwa wazee, programu hizi hukosea zaidi. Inasoma picha moja, ya leo, bila jana. Na katika mji ambao umeugua kwa muda mrefu kama huu, jana ni nyingi.

Majibu ya maabara tuliambiwa siku mbili, yakachukua kumi na moja. Siku kumi na moja hizo kile kikombe cha bati kilirudi. Hakuna aliyetoa amri. Asubuhi moja nilikikuta mezani mbele ya ami, kimetolewa sijui wapi, na shangazi anaosha vyombo ametupa mgongo. Ami alikunywa chai yake bila kusema kitu. Wajukuu waliambiwa wakacheze nje.

Wakati huohuo nilikuwa nasoma kwenye simu habari za dunia kubwa. Januari 2025 Marekani ilikuwa imesitisha misaada yake ya nje, na programu nyingi za kifua kikuu huku kwetu zilikuwa zimeegemea pesa hizo, kuanzia wahudumu hadi usafirishaji wa sampuli. Macho tulikuwa tumeletewa. Miguu ya kupeleka chupa ya makohozi maabara ndiyo iliyokuwa ikikosekana.

Siku ya tisa ami alinituma kabatini. “Nyuma ya kanzu za Idi,” akasema. Kulikuwa na bahasha kubwa ya kaki, imeliwa pembe na mende, na ndani yake filamu mbili za eksirei. Moja ya 1979, nyingine ya mwisho wa matibabu. Alikuwa amezihama nazo nyumba tatu.

Nilimpelekea yule kijana wa mashine. Programu yake haikuwa na la kufanya na plastiki, haina pa kuiingiza. Kwa hiyo alifanya kile ambacho madaktari walifanya kwa miaka mia: aliinua filamu dirishani, akafumba jicho moja kwa sababu ya jua la Kilindini, akaishika simu yenye picha mpya pembeni yake. Alikaa hivyo muda mrefu. Halafu akaweka kidole juu ya filamu ya pili, chini kidogo ya mfupa wa bega la kulia.

“Hili hapa,” akasema. “Lilikuwepo. Halijasogea.”

Maabara ilikubaliana naye siku mbili baadaye. Ami aliposikia alisema alhamdulillahi, akaomba bahasha yake irudishwe ilikokuwa, na akamwambia shangazi kikombe kile apewe paka.